Nani Atanihesabia Pumzi?

Mke wangu alinirekodi usiku mmoja wa mwezi wa saba, akanitumia kwa WhatsApp asubuhi nikiwa nimeshafika kazini. Hakuandika neno lolote. Sauti tupu, dakika nne. Niliisikilizia nyuma ya ofisi, nikiyatazama mawe yetu ya Singida, nikidhani ni mtoto ameimba. Kumbe ni mimi nakoroma. Hilo nilikuwa nalijua, nimetaniwa tangu bwenini. Nisilolijua ni kilichofuata: mkoromo ulikatika ghafla kama redio iliyozimwa, na kimya kikaendelea. Nikawa natazama namba za sekunde zikitembea kwenye simu. Ishirini na saba. Halafu ukaja mvuto mkubwa wa pumzi, kama wa mtu anayeokolewa majini, pumzi tatu nne za haraka haraka, na kimya tena.

Jioni nilimuuliza amelijua jambo hili tangu lini.

"Tangu mwaka wa kwanza, baba watoto. Huwa nahesabu. Ikifika thelathini nakusukuma."

Tumeoana miaka minane.

Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni methali nzuri kwa maradhi mengi, lakini kwangu imekaa vibaya, kwa sababu mimi sikuficha kitu. Maradhi yenyewe yalinificha mimi. Yalikuja nikiwa sipo, yakaondoka kabla sijaamka, na mtu pekee aliyeyaona alikuwa amelala kando yangu, au tuseme alikuwa hajalala. Nilichobaki nacho mchana ni makombo tu: kichwa kizito asubuhi, hasira zisizo na sababu, kusinzia kwenye vikao vya baraza la madiwani (ambako, kwa kweli, sikuwa peke yangu), na siku ile kwenye barabara ya kwenda Ikungi nilipofumbua macho pikipiki ikiwa imeshaacha lami.

Naandika haya kwa sababu baada ya rekodi ile nililazimika kujibu swali ambalo sikuwahi kulifikiria, pamoja na vitabu vyote nilivyosoma chuo: mtu asiyejua kazi ya upasuaji anamchaguaje mpasuaji? Na je, ana haki ya kumuuliza nini?

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita apnia ya usingizi. Tukilala, misuli ya koo hulegea. Kwa mwenye njia nyembamba ya hewa, kulegea huko huiziba njia kabisa. Kifua kinavuta, hewa haipiti, oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu nusu nusu, anapumua, analala tena, hakumbuki. Ikitokea chini ya mara tano kwa saa ni hali ya kawaida kwa mtu mzima. Ikifika mara thelathini ni kali. Nilipovalishwa kipimo Dar es Salaam, nilipata arobaini na moja. Usiku wa saa saba, piga hesabu mwenyewe. Ukiacha miaka hiyo ipite bila tiba, shinikizo la damu na moyo huanza kudai chao.

Tatizo likawa kwamba mimi ni mwembamba. Watu wanaujua ugonjwa huu, kama wanaujua, kwa sura ya Joe, yule kijana mnene anayesinzia kila mahali katika Pickwick Papers ya Dickens. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani waliazima hata jina la kitabu kuuita ugonjwa unaokaribiana na huu. Mimi si Joe. Mimi nina kidevu cha babu. Taya la chini limerudi nyuma, na nyuma yake ulimi hauna nafasi. Baba alikuwa nalo, baba mdogo analo, binti yangu wa pili analo. Kwenye picha za harusi za ukoo wetu unaweza kutuhesabu kwa kidevu.

Tiba ya kwanza ni mashine. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan wa Sydney na wenzake walichapisha matokeo ya kifaa kinachosukuma hewa puani usiku kucha ili koo lisifunge. Kabla ya hapo, aliyezidiwa alitobolewa tundu kwenye koromeo. Mashine ni kitu cha heri, na ndiyo daktari yeyote ataanza nayo. Kwangu ilikuwa ya kuazima, barakoa ilinibana, niliivua usingizini bila kujua, na umeme ukikatika saa nane usiku, mashine inakata nao. Kununua yangu kulikaribia bei ya pikipiki.

Tiba nyingine ni kuyasogeza mataya yenyewe. Taya la juu hukatwa kwa ulalo juu ya mizizi ya meno, mkato unaoitwa kwa jina la René Le Fort, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1901 alichojifunza kwa kugonga mafuvu ya maiti ili aone uso wa binadamu huvunjikia wapi. Taya la chini hupasuliwa pande zote mbili kwa namna iliyoasisiwa na Hugo Obwegeser miaka ya 1950, mfupa ukigawanywa kama ubao unaopasuliwa kwa unene wake. Kisha yote mawili huvutwa mbele kiasi cha milimita kumi, yakafungwa kwa vibati na skrubu za titani. Ulimi na koo vinavutwa pamoja nayo, njia inapanuka. Tafiti zilizokusanya wagonjwa wengi zinasema watu kama themanini na tano katika mia hupata nafuu kubwa. Wanaopona kabisa hawafiki nusu. Wengine hubaki na ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, wapo ambao haiwatoki maisha yao yote. Na wiki sita hivi za uji, supu na mtori. Kwa mtu wa Singida, kuwatazama watu wakila kuku wa kienyeji huku wewe una bakuli la uji ni adhabu peke yake.

Nilipowaeleza nyumbani, mama alikaa kimya kwanza. Halafu akauliza, "Sasa mwanangu, utabaki na sura ya nani?" Sikuwa na jibu. Baba mdogo alikuwa wazi zaidi: "Yaani tuchange mamilioni kwa sababu unakoroma? Marehemu kaka alikoroma mpaka uzeeni." Nikamkumbusha kwamba baba alifariki usingizini akiwa na miaka hamsini na sita, na sisi tulisema ni kifo kizuri. Baba mdogo hakusema tena kitu siku hiyo. Na mimi najuta kidogo kuisema, maana sijui baba alikufa kwa nini, na nilikuwa nimemtumia ili nishinde mabishano.

Basi, nikaanza kutafuta mpasuaji.

Wa kwanza nilikutana naye Dar, katika chumba chenye kiyoyozi na picha za nyuso kabla na baada. Alizungumza vizuri mno. Alinichorea koo langu, akanionyesha kidevu changu kipya kwenye kompyuta, akaniambia nitaamka mtu mwingine. Nilitoka pale nimeshaamua. Nilikuwa kwenye treni ya kurudi Dodoma ndipo nikamkumbuka Gorgias. Katika majadiliano ya Plato yenye jina lake, mzungumzaji huyo maarufu anajisifu kwamba mara nyingi aliandamana na kaka yake, ambaye ni tabibu, kwa wagonjwa waliokataa kunywa dawa au kukatwa. Tabibu akishindwa kuwashawishi, yeye Gorgias aliwashawishi kwa ufundi wa maneno tu. Anaongeza kwamba mbele ya umma, mzungumzaji akishindana na tabibu nani achaguliwe kuwa tabibu, mzungumzaji ndiye atachaguliwa.

Watu hulisoma jambo hili kama sifa mbaya ya wazungumzaji. Mimi safari hii niliona sifa mbaya ya wagonjwa. Sisi ndio tunaotaka kuambiwa. Ni kama tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, ambayo wengi wetu tuliifanyia mtihani: zamani nilimtazama Kinjeketile na maji yake, siku hizi nawatazama waliotamani maji yale yawe na nguvu kuliko alivyotaka mwenyewe. Mtu mwenye hofu huikamilisha ahadi kwa mdomo wake. Yule daktari hakusema kwamba nitapona kabisa. Nimezirudia kumbukumbu zangu, hakusema. Mimi ndiye niliyesikia hivyo.

Sasa, mimi ni mwandishi wa habari. Kazi yangu ni kuwauliza wakuu maswali wasiyoyapenda: fedha ya kisima imeishia wapi, kwa nini zahanati haina maji. Lakini mbele ya daktari ulimi ulikuwa mzito. Kwetu kumuuliza daktari "umefanya upasuaji huu mara ngapi?" ni kama kumuuliza shehe au padri kama kweli anasali. Unaona kabisa umevunja adabu. Tumezoea kusema "Mungu atasimamia," na naamini hivyo, ila nadhani mara nyingine tunaitumia sentensi hiyo ili tusiulize.

Wa pili alikuwa mwanamke, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na taya, labda ananizidi miaka mitano. Nilikuwa nimeliandika swali langu kwenye daftari la kazini ili nisilikimbie. Nikalisoma kama ninavyosoma kwenye mkutano wa waandishi.

Akacheka kidogo. "Mataya nimepasua mengi sana, kaka. Bodaboda peke yake zinanitosha. Na uvimbe wa taya, wengine wanakuja nao mkubwa kama chungwa, wamekaa nao miaka. Lakini kusogeza mataya yote mawili kwa ajili ya apnia, kama kiongozi wa upasuaji, sijafanya hata mmoja. Nimesimama msaidizi mara tatu. Wewe sitakugusa bila mwenzangu aliyenifundisha, yeye ndiye ataongoza."

Halafu akaniambia nirudi kwenye mashine miezi mitatu, nitafute barakoa inayonienea, ninunue betri ya sola. Mashine ikinifaa, tusikutane tena.

Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyotoka kwa wa kwanza. Wa kwanza alikuwa amenipa amani. Huyu amenipa namba, na namba yenyewe ni sifuri. Usiku ule nilimlaumu moyoni: kwa nini ameniambia? Nimekuja kutua mzigo, ananirudishia.

Nadhani hapo ndipo penye swali lenyewe la kimaadili, na sijalisikia likijadiliwa sana. Tunasema mgonjwa ana haki ya kujua. Tunaisema kama vile kujua ni zawadi. Lakini ukishajua, umeshakuwa mshirika. Kama daktari angenificha na mambo yakaharibika, mimi ningekuwa mtu aliyedhulumiwa na ukoo mzima ungejua wa kumlaumu. Ameniambia, na mimi nikikubali, basi lolote litakalotokea limepita mikononi mwangu pia. Nafikiri ndiyo maana wengi wetu hatuulizi. Tunahofia jibu baya, ndiyo, lakini tunahofia zaidi kugawana lawama.

Utaniuliza, msomaji: ukweli unakata mfupa? Daktari mkweli asiye na mkono si bora kuliko mwongo mwenye mkono. Nakubali kabisa. Kama ningeweza kuona ufundi wa mkono kwa macho yangu, nisingehitaji ukweli wa mtu, ningeuchagua mkono. Lakini siwezi. Wewe pia huwezi. Kitu pekee anachoweza kukipima mtu wa nje ni kama aliye ndani anakubali kupimwa. Yule mwanamke alinifungulia mlango: alisema anachojua, asichokifanya, nani anakijua zaidi yake, na tiba gani ijaribiwe kwanza. Na alikuwa tayari kunikosa. Kwa anayenunua chochote, vitunguu au upasuaji, hiyo ni dalili ya kuzingatia.

Kuna jambo la pili, gumu zaidi. Kila mpasuaji aliyefanya mia, alifanya wa kwanza. Yule wa kwanza alikuwa mtoto wa mtu. Ikiwa kila mmoja wetu atadai mkono uliokomaa, mikono itakomalia wapi? Ikomalie kwa wasiojua kuuliza? Huo ndiyo utaratibu uliopo kimyakimya duniani kote, maskini ndiye daftari la mazoezi, na mimi mwenye shahada na swali lililoandikwa nilikuwa najipanga kuwa miongoni mwa wanaoukwepa. Sikupata jibu safi. Nilichoona ni kwamba mpango wa yule daktari, mzoefu akiongoza na anayejifunza akiwa kando, mgonjwa akiwa ameambiwa, ndiyo njia ya haki ninayoijua ya kumpata mzoefu wa kesho. Yaani mtu awe wa kwanza kwa ridhaa yake, na asiachwe peke yake.

Kisha mashemeji wakanikumbusha habari ya mwaka 2007. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Novemba ya mwaka ule, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili walioitwa Emmanuel walibadilishwa. Mmoja alikuja kwa goti, mwingine kwa uvimbe kichwani. Wa goti akafunguliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Nchi nzima ilisimama. Nilikuwa kijana bado, na nakumbuka watu wakisema, "Madaktari wetu hawa!" Lakini ukiitafakari, pale tatizo halikuwa kuchagua mpasuaji mbovu. Mikono ilijua kazi yake. Hakuna aliyesimama na kuuliza: huyu ni nani, na amekuja kufanywa nini?

Katika miezi hiyo hiyo, hospitali nane za miji minane duniani zilikuwa kwenye jaribio la orodha fupi ya Shirika la Afya Duniani, vipengele kumi na tisa vya kusoma kwa sauti kabla ya nusu kaputi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. London ilikuwemo, Toronto ilikuwemo, na Ifakara yetu ilikuwemo. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna aliyebadilishiwa mpasuaji. Walilazimishwa tu kuulizana, na hata kutajiana majina na kazi ya kila mmoja chumbani. Nikajiuliza kama miezi yote hii nimekuwa nikitafuta shujaa mmoja wakati nilipaswa kutafuta chumba ambamo watu wanaulizana.

Miezi mitatu ya mashine niliimaliza. Shemeji mmoja alinikopesha betri. Usiku wenye barakoa nililala vizuri, na asubuhi zake niliuona ulimwengu una rangi. Lakini kwa wastani niliivaa saa tatu tu, zilizobaki niliivua bila kujua. Mke wangu alikuwa akiokota barakoa shukani na kuanza tena kuhesabu.

Tukarudi kwa yule daktari, safari hii wawili. Yeye na mwenzake walitueleza tena yote, ganzi, damu, uji, uwezekano wa kutopona kabisa. Wakatoa fomu. Fomu ina mstari wa mgonjwa na mstari wa shahidi. Mimi nikasaini. Mke wangu akachukua kalamu, akaiweka chini.

"Samahani daktari. Nina swali moja. Akiwa amelala humo ndani, nani atakuwa anamhesabia pumzi?"

Wapasuaji wakatazamana. Yule mwanamke akajibu kwamba yupo mtaalamu wa usingizi, atakaa kichwani kwangu mwanzo mpaka mwisho, na usiku wa kwanza nitalazwa chumba cha uangalizi maalumu. Akaeleza kwamba kwa mtu mwenye taya dogo na apnia kama yangu, kuingiza mpira wa hewa kooni ni kazi ngumu yenyewe, na kwamba hilo ni moja ya maswali ya ile orodha.

"Naomba nimuone," mke wangu akasema.

Miezi mitano, safari nne za Dar, daftari zima la maswali, Plato na Ifakara, na mimi sikuwahi hata mara moja kumfikiria huyo mtu. Nilikuwa nimemtafuta atakayenikata. Yeye alikuwa anamtafuta atakayempokea zamu.

Akaitwa. Mwanaume wa makamo, amevaa kofia ya kijani ya chumba cha upasuaji, anaonekana ametolewa katikati ya kazi. Aliposikia ameitiwa nini, alisema miaka yote aliyofanya kazi hii hakuna mgonjwa aliyewahi kuomba kumuona kabla. Mke wangu akamweleza, kama mtu anayekabidhi mtoto kwa mwalimu: huwa anakata zaidi akilala chali, akishika ishirini na tano shingo inakaza, akisukumwa begani anarudi. Yule bwana hakumkatiza. Alivuta karatasi akaandika. Kisha akamwambia atakavyofanya, mashine zipi zitasoma nini, na koo likikataa ana njia gani ya pili na ya tatu.

Mke wangu akachukua kalamu, akasaini.

Tarehe ni baada ya mavuno ya alizeti. Mama bado hajasema kama atakuja Dar. Juzi alinishika kidevu, akakigeuza huku na huku kama anakikariri, akaniambia nipige picha nyingi kabla.